Mguu Uliovaa Viatu vya Mtaa Mzima

Fundi viatu yule walimwita Guu la Wote, na jina hilo hakulichukia, maana alilipata kazini. Mafundi wengine ukiwapelekea kiatu kipya kinachobana, hukilowesha, wakasokomeza mguu wa mbao ndani, wakakuambia njoo kesho kutwa. Yeye alikivaa. Alikaa nacho kazini asubuhi, akaenda nacho sokoni, akarudi nacho, na kila kilipomuuma alikivua, akapagonga mahali pale kwa nyundo ndogo, akapapaka mafuta, akakivaa tena. Siku ya pili jioni kiatu kilikuwa kimetii kama ng'ombe wa maziwa. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akisema kwamba mbao haina uchungu, na asiye na uchungu hawezi kujua kiatu kinakosea wapi.

Bahati nzuri mguu wake ulikuwa wa kati, si mkubwa si mdogo, mguu wa watu wengi. Alivaa viatu vya makarani na vya walinzi, na mara moja alivaa vya mabwana harusi wawili katika wiki moja. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa baraza ya fundi, aliwatangazia watu kwamba jirani yake ameoa mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini, ila kuanzia vifundoni kwenda chini.

Sukari ilimpata miaka sita kabla ya mambo haya. Waliomjua walidhani ataishindwa, kwa sababu alikuwa mtu wa chai ya vijiko vitano. Lakini fundi aliishika sukari kama alivyoshika kazi. Vidonge alimeza asubuhi na jioni, hata siku aliyojiona mzima kama chuma. Chai aliinywa bila sukari huku amekunja uso. Kliniki hakukosa mwezi hata mmoja, na kijitabu chake cha kliniki alikivisha jalada la ngozi laini, akalishona pembeni kwa mkono wake, hata wagonjwa wenzake wakawa wanakiazima kukitazama.

Palikuwa na jambo moja tu. Muuguzi wa kliniki ile alimwambia kila mwezi kwamba aangalie nyayo zake kila siku, asitembee peku hata ndani ya nyumba, na apitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kwa kuwa sukari ina tabia ya kutia miguu ganzi taratibu, mtu asijue. Fundi alicheka kwa upole. "Binti yangu," alisema, "unamfundisha fundi viatu habari za miguu?"

Muuguzi naye hakuwa mtu wa kuchoka. Alikuwa na kijiuzi kigumu, chembamba kama unywele wa brashi. Mgonjwa alifumba macho, naye akamgusa hapa na pale kwenye unyayo, na mgonjwa alipohisi kuguswa alisema. Sasa, kiti cha muuguzi kilikuwa kibovu, kililia kila alipoinama. Fundi alisikia kiti kimelia, akasema ndiyo. Kikalia tena, akasema ndiyo. Akapata kumi kwa kumi. Si kwamba alikusudia kudanganya hasa. Aliacha shule darasa la nne, na katika maisha yake yote hakuna mtihani aliowahi kupata alama zote, basi huu aliuona kama mwenzake aliyechelewa kufika. Siku ile alimhadithia kinyozi habari ya kiti, wakacheka mpaka mteja aliyekuwa ananyolewa akaomba wembe uwekwe chini kwanza.

Baadaye wateja wakaanza kurudi. Kwanza alikuja mlinzi, akichechemea, malengelenge kisiginoni. Kisha karani wa posta, kidole kimechubuka. Wote walikuwa wamelainishiwa viatu na Guu la Wote kwa siku zake mbili kamili. Fundi alishangaa kwa dhati. Viatu vile alivivaa, wala havikumuuma popote. Kwa kweli siku hizi hakuna kiatu kilichomuuma, na hilo alilihesabu kuwa ukomavu: mguu umesoma, umehitimu. Akawaambia wateja wake kwamba watu wa sasa wamezaliwa na miguu laini kama mkate. Mlinzi alimjibu kwamba mkate haulindi ghala usiku kucha, akaondoka na viatu vyake mkononi.

Ndipo akaja mwalimu mkuu. Mama huyu alikuwa na mguu sawasawa na wa fundi, jambo lililokuwa siri ya wao wawili na mtaa mzima. Alinunua viatu vyeusi vya kuvaa Ijumaa, siku ya kutoa zawadi shuleni, na viatu vilikuwa vinambana, tena kisigino kimoja kilikuwa kinacheza. Fundi akakipigilia kisigino. Misumari mifupi ilikuwa imemwishia, akatumia mirefu kidogo, akijisemea kwamba wa kupitiliza ukiwepo utajulikana tu, maana siku zote mguu wake ndio uliokuwa mkaguzi. Jumatano asubuhi akavivaa, akashinda navyo, akaenda navyo sokoni, akavivua jioni. Alhamisi akavivaa tena.

Mkewe alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba moja ya wageni, na kwa miaka ishirini ya kazi hiyo kila doa alilijua ukoo wake: hili la wino, hili la chai, hili la mtu aliyekula embe kitandani na kuapa kwamba hakula. Alhamisi asubuhi aliokota soksi ya mumewe ya jana. Kisiginoni palikuwa na doa jeusi. Angedhani ni rangi ya kiatu, lakini rangi ya kiatu inagombana na sabuni nusu saa nzima, na hili lilitoka lenyewe kwa maji baridi. Mama yule alisimama na soksi mkononi. Alijua ni kitu gani kinachotoka kwa maji baridi. Akaacha mashuka kwenye beseni, akavaa kanga yake vizuri, akaenda barazani kwa mumewe.

Alimkuta mwalimu mkuu ameshafika, ameketi kwenye benchi, anasubiri viatu. Fundi alikuwa amevivua na kumkabidhi kwa mbwembwe, akisema vimekuwa kama pamba. Mwalimu, kwa mazoea ya kukagua madaftari, alichungulia ndani kabla ya kuingiza mguu.

"Fundi," alisema, "humu mna msumari."

Fundi akamwambia haiwezekani, mwalimu, kiatu hiki nimekivaa tangu jana asubuhi. Akakipokea, akaingiza mkono. Kidole chake kilisema papo hapo. Mguu ulikuwa umenyamaza siku mbili. Ncha ya msumari ilisimama katikati ya kisigino, na ngozi kuuzunguka ilikuwa imelowa.

Mwalimu mkuu akamwamuru avue soksi, kwa sauti ile ambayo watoto mia tisa waliitii kila asubuhi, na fundi akavua. Kinyozi alikuwa ameshatoka na mkasi wake kuja kuongeza chumvi, na neno alikuwa nalo mdomoni tayari. Alipouona ule unyayo, neno likarudi lilikotoka. Tundu lilikuwa jekundu, pembeni pamevimba, pameanza kuwa na rangi ya zambarau. Na fundi alikuwa amekaa anautazama kama mguu wa mteja.

Alichosema mwanzo ni kwamba atatia gundi kidogo paungane. Na ukweli ni kwamba mkono wake ulishaanza kwenda kwenye kopo. Kinyozi akapendekeza maji ya moto na chumvi, fundi atumbukize mguu mpaka uchungu utoke. Mkewe hakubishana na yeyote. Alimwambia kinyozi, "Shemeji, mguu usiosikia msumari utasikiaje maji yanayoubabua?" Kisha akamfunga mumewe kitambaa safi, akamshika mkono, akampeleka kliniki. Mwalimu mkuu siku ya zawadi alivaa viatu vyake vya zamani, na hakuna aliyekufa.

Muuguzi aliosha jeraha, akampiga sindano ya pepopunda, akampima sukari, ikaonekana imepanda. Hakumkaripia. Alimwambia fundi kwamba angekuja wiki ijayo wangezungumza habari ya kuulaza mguu hospitali, na angekuja mwezi ujao wangezungumza ukatwe wapi. Fundi, ambaye mpaka hapo alikuwa bado anatafuta mahali pa kutia utani, akakosa.

Akaona afadhali aseme. Akaeleza habari ya kiti, kwa sauti ya chini, akitazama ukuta. Muuguzi aliinuka, akakisogeza kiti kile mbali, akapiga magoti sakafuni, akamwambia afumbe macho.

Fundi akafumba. Alisubiri. Safari hii alikuwa amejiandaa kujibu kwa haki. Nje mtu alikuwa anafagia. Alisikia ufagio, akasikia pumzi ya mkewe, akaendelea kusubiri, na alipoona muuguzi anachelewa sana akamwuliza:

"Unaanza lini, binti?"

"Nimemaliza, baba."

Hapo ndipo alipolia kidogo, si kwa maumivu, kwa sababu hayakuwepo, na ndilo lililomliza.

Aliambiwa asiukanyagie mguu ule mpaka jeraha lifunge. Alipewa dawa za kuua vijidudu na gongo la kutembelea, na kila baada ya siku mbili alirudi kufungwa upya. Kazi aliifanya ameketi, mguu juu ya stuli kama sultani. Viatu vya watu alishona na kupigilia, lakini kuvaa ilikuwa mwiko, na kila aliyekuja na kiatu kinachobana alirudishwa nacho. Hilo lilimkaa rohoni kuliko jeraha. Alimwambia mkewe kwamba fundi asiyehisi ni mguu wa mbao tu, tena wa mbao unakula kidogo. Mkewe akamjibu kwamba wa mbao haufuliwi soksi, na kwamba yeye kwa sababu zake mwenyewe anapendelea huu.

Kila siku saa kumi jioni mama huyo alipita barazani akitoka kazini, akaketi, akauchukua mguu mapajani. Aliupekua kama shuka la mgeni aliyelipa na kuondoka mapema: kati ya vidole, chini ya vidole, pembeni, kisiginoni. Mwanzoni fundi aliona haya mbele ya wapita njia. Baada ya wiki mbili wapita njia wakawa wanauliza mguu umeamkaje. Siku ambazo mkewe alichelewa aliweka kioo sakafuni, akajitazama mwenyewe, na kinyozi akamwuliza kama apunguze pembeni au anyoe zote.

Jeraha lilifunga wiki ya saba. Siku ileile mwalimu mkuu alirudi na viatu vyake vyeusi, ambavyo bado vilikuwa vinambana. Alikuwa mtu wa haki, hakumwambia avivae. Alivivaa yeye mwenyewe, akasimama, na kwa kuwa fundi hakuwa na njia nyingine, akamwuliza vinauma wapi. Mwalimu akamweleza kama anasoma ramani. Fundi akapagonga, akapaka mafuta, akamwambia nenda mpaka kwenye kona urudi. Alikwenda na kurudi mara nane. Mara ya tisa hakurudi. Alikwenda nyumbani navyo.

Fundi alikaa akilitafakari jambo lile jioni nzima. Miaka thelathini amekuwa akiumia kwa niaba ya watu, na kumbe wenyewe wana vinywa. Kuanzia hapo mbele ya baraza yake pakawa na watu wanaokwenda na kurudi kutwa, wamekunja nyuso, wanaripoti. Kinyozi alisema mtaa umekuwa kama gwaride la wastaafu.

Na kinyozi mwenyewe hakutaka kupitwa. Alinunua viatu vya kahawia, vyembamba mbele, akaja navyo, akaenda kwenye kona kwa madaha, akarudi.

Fundi akamwuliza vinabana wapi.

"Hakuna popote, jirani. Vizuri kama soksi. Miguu yangu si ya mkate."

Fundi alikuwa ameinama, anatazama. Kidole kidogo cha kinyozi kilikuwa kimeisukuma ngozi ya kiatu nje, kimejichora kama haragwe ndani ya mfuko. Alikibonyeza kwa gumba. Kinyozi aliendelea kuongea. Alikibonyeza kwa nguvu zaidi. Kinyozi bado alikuwa anaongea. Fundi akaweka nyundo chini.

"Vua," alisema.

Kinyozi alivua akidhani vinapakwa mafuta. Fundi aliviweka nyuma yake, akaketi mbele yake, akamwuliza mara ya mwisho kupima sukari ilikuwa lini. Kinyozi alisema yeye amekuja kwa ajili ya viatu. Akasema tena kwamba katika ukoo wao hakuna mwenye sukari. Akasema anakunywa maji mengi mno siku hizi, usiku anaamka mara tatu kwenda haja, mtu anayekunywa maji namna hiyo ataumwa wapi? Aliposikia alichokisema mwenyewe, akapunguza sauti.

"Viatu vinabaki," fundi alisema. "Utavipata ukija na karatasi ya kliniki."

Kinyozi aliondoka na ndala za kuazima akinung'unika kwamba ametekwa. Kesho yake kibanda chake kilifunguliwa saa sita. Alikuja na karatasi, akaketi kwenye benchi la wateja, akakaa muda bila neno, jambo ambalo mtaa ule ulikuwa haujawahi kuliona. Kisha akasema sukari imesoma kumi na nane, na kwamba muuguzi amemwambia aanze dawa leo.

Fundi alimwambia yeye alianza na ishirini na moja, na bado anapigilia.

"Na chai?" kinyozi aliuliza.

"Chai utakunywa. Sukari ndiyo unaiaga."

Kinyozi akafikiri. Akauliza kama anaweza kuiaga polepole, kijiko kimoja kila wiki, maana wamefahamiana miaka mingi na si adabu kuondoka ghafla. Fundi alikuwa ameshavuta stuli. Alimwambia avue soksi kwanza, hayo ya kuagana watayazungumza mguu ukiwa juu.