Anésie Anashuka Bonde la Megalong

Siku Vénérand aliponyang'anywa leseni, alirudi nyumbani Granville, magharibi mwa Sydney, akautia ufunguo wa gari kwenye mfuko wa shati na kutangaza kwamba gari limestaafu pamoja naye. Kisukari kilikuwa kimemharibu macho. Daktari alisema wazi: mtu wa karibu atamwona, njia ya kwenda dukani ataiona, lakini gari linalochomoza upande wa kushoto hataliona mpaka limfikie. Basi Corolla ile nyeupe ikabaki uani, chini ya kamba ya nguo, inakula vumbi.

Mkewe, Anésie, alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwahi kushika usukani. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee: kuogesha, kulisha, kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda. Walitoka Burundi, wakaishi kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Sydney, na katika maisha yao yote ya ndoa mwenye kuamua nani anakwenda wapi alikuwa Vénérand. Anésie hakuwa na ugomvi na jambo hilo. Ugomvi aliuanza mwaka wa korona.

Ilikuwa alasiri, anatoka kazini kwa treni, amevaa sare yake na barakoa. Mabehewa yalikuwa karibu matupu siku hizo. Mwanamume mmoja aliyekaa mbali akaisoma ile nembo ya nyumba ya wazee kifuani pake, akasimama na kumnyooshea kidole. "Shuka! Nyinyi ndio mnaotusambazia ugonjwa. Shuka!" Abiria wengine wakainamia simu zao. Treni iliposimama, Anésie akashuka kwenye kituo ambacho hata jina hakulijua. Akaketi kwenye benchi, akasubiri treni nyingine.

Matusi aliyazoea. Kilichomuuma ni kwamba miguu yake mwenyewe ilitii.

Kesho yake alimsimulia Gakii, nesi Mkenya waliyefanya naye kazi zamu moja. Gakii alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, mwenye mdomo mwepesi na gari dogo jekundu.

"Na wewe ukashuka kweli, Mama Nella?"

"Nilishuka."

"Aki, hapana. Wewe ujifunze kuendesha. Ukiwa ndani ya gari yako, nani atakushusha?"

Neno hilo lilimkaa moyoni. Jioni akamwambia mumewe, "Baba Nella, naomba ufunguo wa gari."

Vénérand akacheka mpaka akakohoa. "Wa nini? Umri huu? Utaua watu."

Anésie hakubishana. Mashati ya Vénérand aliyafua yeye. Jumamosi alipokusanya nguo chafu, ufunguo ulikuwa mfukoni, akauchukua, na shati akalirudisha limepigwa pasi. Vénérand alipapasa mfuko, akamtazama mkewe, akaona uso ambao hakuuzoea. Akafunga kifungo cha mfuko.

Gakii alimfundisha kwenye uwanja wa maegesho wa duka kubwa lililokuwa limefungwa. Mwanzoni Corolla ilirukaruka kama mbuzi. Anésie alikwaruza nguzo, akavunja taa ya nyuma, akalia mara moja tu, ndani ya gari, na barakoa yake ikalowa. Mtihani wa kwanza alianguka. Nella, binti yao aliyekuwa akiishi Campbelltown, alicheka kwenye simu na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mama, si lazima. Anésie akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni lazima. Mara ya pili alifaulu. Akabandika vile vibao vyenye herufi P nyekundu, mbele na nyuma, vinavyomtangazia kila mtu kwamba dereva huyu ni mgeni barabarani.

"Haya," alisema Vénérand. "Utakuwa unakwenda nalo sokoni."

"Nitakwenda nalo milimani."

Kazini, bibi mmoja ambaye Anésie alikuwa akimwogesha alikuwa na picha ukutani: majabali ya rangi ya chungwa, chini yake bonde, na miti iliyowaka nyekundu na manjano. Megalong, bibi alisema, ng'ambo ya kijiji cha mlimani cha Blackheath, majani yanapopukutika. Anésie aliitazama picha ile kila asubuhi mwaka mzima ambapo hakuna ndugu aliyeruhusiwa kuingia kuwaona wale wazee.

"Milima gani?" Vénérand akauliza. "Kwetu tumezaliwa mlimani. Nani anachoma mafuta kwenda kutazama mlima?"

"Kwetu milima niliipanda kwa miguu, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, nakimbia bunduki. Sikutazama hata mti mmoja. Safari hii nitapanda nimekaa, na nitatazama."

Jumamosi moja ya Aprili 2021, masharti ya korona yakiwa yamelegezwa, Vénérand alivaa koti na kuketi kiti cha mbele, ili garini kuwe na mwanamume, alisema. Gakii alikaa nyuma na chupa ya chai.

Kwenye barabara kuu Anésie alishika mwendo wa tisini, ndio mwisho kwa mwenye P nyekundu. Malori yaliwapita yakiitikisa Corolla. Kila yalipopita, Vénérand alikanyaga zulia kama kwamba kuna breki chini yake. "Taratibu! Shika kushoto! Huoni?" Gakii akamgusa bega. "Baba, wewe ndiye huoni." Malori yakaendelea kuwapita mpaka Penrith, barabara ilipoanza kupanda.

Juu kulikuwa na baridi. Katika vijiji vya mlimani miti ya kigeni iliyopandwa kando ya njia ilikuwa imegeuka rangi, na majani yalitambaa mbele ya magurudumu. Anésie alishusha kioo. Hewa ilinuka moshi wa kuni na mikaratusi iliyolowa.

Walipofika Blackheath, wakavuka reli na kuingia njia ya bondeni. Kibao kilionya: mteremko mkali, kona kali. Vénérand hakuweza kusoma, lakini aliona jinsi barabara ilivyomezwa na giza la msitu.

"Simamisha gari."

Akasimamisha.

"Geuza. Hapa watu wanakufa. Ama ugeuze, ama mimi nashuka."

Anésie aliendelea kukanyaga breki, mikono juu ya usukani. Zamani angegeuza kabla sentensi haijaisha. "Basi nitakurudisha stesheni," alisema. "Treni inakwenda moja kwa moja mpaka Parramatta, karibu na kwetu. Simu unayo. Mimi nashuka bondeni."

Vénérand alidhani ni mzaha mpaka aliposimama kwenye jukwaa la stesheni, na koti lake, na mfuko wa maandazi ambao Gakii alimpa. Anésie alihakikisha treni imekuja na mumewe amepanda. Kisha akarudi garini.

"Umemwacha kweli," alisema Gakii, sasa yuko kiti cha mbele, macho yamemtoka.

"Amechagua mwenyewe. Funga mkanda."

Barabara ilikuwa nyembamba kama utepe. Upande mmoja ukuta wa mawe uliotoka jasho, upande mwingine shimo lililojaa mimea ya kangaga iliyotanua majani kama miavuli. Anésie aliweka gia ndogo na kushuka polepole, akikaza meno. Katika kona ya tatu gari kubwa la kijivu likaja nyuma yao, likawabana, likawasha taa na kupiga honi bila kuacha.

"Anataka tumpishe," Gakii alisema. "Ingia pembeni."

"Pembeni hakuna. Kuna korongo."

Honi ikazidi. Jasho lilimtiririka Anésie mgongoni. Hakuongeza mwendo, wala hakusogea ukingoni. "Piga," akasema kwa sauti, macho mbele. "Piga mpaka ichoke. Sitoki." Gakii akashangilia na kupiga dashibodi kama ngoma. Njia ilipopanuka chini kabisa, gari lile liliwapita kwa kishindo. Anésie aliinua mkono mmoja na kulipungia kama mtu anayeaga mgeni.

Halafu msitu ukafunguka. Malisho, farasi, safu ya miti ya manjano kando ya kijito, na pande zote majabali yamesimama, yamepigwa na jua. Anésie alizima gari, akatoka, na kusimama ameweka mikono kiunoni. Gakii alimmiminia chai, ikapoa.

Nyumbani alimkuta Vénérand jikoni, anachoma mahindi, amekasirika. Siku ya tatu, bila kugeuka, akasema, "Huko chini kuna nini?"

"Sikuelezi. Ukitaka, njoo uone."

Mwezi Mei alikuja. Alishuka bonde zima ameng'ang'ania mshikio wa mlango, amefumba macho aliyobakiwa nayo, na Anésie akamwambia akikanyaga tena lile zulia atamwacha kwa farasi. Bondeni akamshika mkono, akamsogeza hadi chini ya mti na kumwokotea jani. Vénérand akalileta karibu na pua mpaka akaiona rangi. "Ni jekundu hili," akasema.

Mwisho wa Juni mji ukafungwa tena kwa korona, na mitaa yao ya magharibi ikafungwa kuliko mingine yote, askari mitaani na helikopta juu ya mapaa. Kila asubuhi Anésie alilitoa gari uani kwenda kazini, kibali cha kutoka kwenye kioo cha mbele, nembo ya nyumba ya wazee kifuani, madirisha yote yameshushwa, anayetaka kuisoma aisome.