Ndago za Kaburi la Edson

Umande haujakauka Nyankumbu, mjini Geita, na Paskazia Mathias amekwisha piga magoti nyuma ya chumba alichopanga. Mbele yake kuna fungu la majani marefu, membamba, yenye mstari wa njano katikati na kijani pembeni. Analishika taratibu kama nywele za mtoto anayesukwa, analigeuza, anazamisha kisu kwenye shina. Mizizi inachanika kama kitambaa kikuukuu.

“Ukilionea huruma, halizai,” anasema bila kuinua macho. “Lazima uligawe.”

Uani kwake makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka zimejaa majani ya jamii hiyo, mengine yenye michirizi myeupe, mengine ya rangi ya shaba. Ni ndugu wa ndago, lile gugu linalowaliza wakulima. Tofauti ni kwamba haya hayatambai. Hukaa fungu moja, na kiangazi kikikausha kila kitu, yenyewe hubaki na rangi yake, mradi yapate kivuli na maji kidogo.

Mwanzoni aliyaita ndago za rangi, na hakuna aliyenunua. Akina mama sokoni walimuuliza kama mwakani atawaletea na viwavi wa kufuga. Mchimbaji mmoja aliinama, akasugua jani kwa kidole, akataka kujua lina karati ngapi. Sasa huyaita maua ya majani, na kopo moja huliuza shilingi elfu tatu. Ndiyo yanayomlipia chumba na kumlisha yeye na binti yake wa miaka sita, Sesilia.

Lakini mafungu ya asubuhi hii hayauzwi. Yanakwenda Shinyanga Vijijini, kwenye kaburi la baba yake Sesilia.

Edson alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu Mwakitolyo. Duara, shimo la kuchimbia, lilimfukia akiwa chini, wakati mimba ya Sesilia ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Walimzika nyumbani kwao, pembeni ya shamba, kaburi la udongo mtupu, kwa kuwa saruji haikupatikana. Mvua zikalishusha mwaka hadi mwaka. Msimu mmoja plau ya ng’ombe ya jirani ilikata kona yake.

“Niliona litapotea,” anasema Paskazia. “Mwanangu hakumwona baba yake. Na kaburi nalo asilione?”

Wakati huo alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alitaka kumwaga zege uani, akamwambia ang’oe yale majani ayatupe. Paskazia aliyabeba kwenye ndoo hadi kwake. Aliona jinsi mizizi yake ilivyobana udongo, mawazo yakaenda moja kwa moja kaburini.

Alipoyapeleka, mama mkwe wake, Mbuke, alikuwa msibani Isaka. Paskazia aliyapanda kuzunguka kaburi, akawahi basi la kurudi Geita. Kumweleza mama mkwe kwa simu alishindwa. Angeanzaje kumwambia mzee aliyepigana na ndago maisha yake yote kwamba amempandia mwanawe ndago?

Wiki ile ile simu ikapigwa. Mbuke alikuwa na furaha. Alikuwa amerudi, akaenda kumsalimia mwanawe kaburini, akapapasa shina la majani, akakuta lina pembe tatu kama la ndago.

“Mama Sesilia, ndago zilikuwa zimemmeza mwanangu. Nimezing’oa zote kwa mkono. Jembe niliogopa lingemgusa.”

Paskazia alisema asante, mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Kisha akakaa juu ya ndoo, akalia.

Kiangazi kilichopita alikwenda kwa Mbuke na Sesilia. Kijiji kizima kilikuwa na rangi ya vumbi. Jioni akaenda kuoga kwenye uzio wa mabua nyuma ya nyumba. Pale maji ya kuogea yanapotokea, chini ya kivuli cha mabua, palikuwa na njano imejaa. Ndipo Mbuke alipoyatupa majani yale, na yenyewe yakashika.

Mbuke alimsikia akilia, akauliza kwa nje kama sabuni imemwingia machoni.

Paskazia alitoka akamwambia yote.  Mzee akaenda, akachuchumaa pale kwenye maji, akayapitisha majani katikati ya vidole vyake.

“Ndago ya shamba ukiivuta inakatika, mbegu zake zinabaki chini,” alisema. “Hizi zilitoka zote na mizizi yake. Nikasema leo Mungu amenisaidia.” Kisha akauliza, “Mbona hukuniambia?”

“Niliona aibu, mayu. Kwa sababu ya jina la ndago.”

 Asubuhi iliyofuata Paskazia alimkuta Mbuke kaburini, anachota udongo kwa viganja kuurudishia pale plau ilipokata, mafungu ya majani yakiwa kando tayari kupandwa tena.

Tangu hapo kila wanapopigiana simu, mzee huanza na habari za majani kabla hajamuuliza mjukuu. Anayamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Anayeingia shambani na jembe huonyeshwa kwanza pa kutogusa.

Paskazia anafunga mafungu kwa gunia lililoloweshwa. Mvua zimeanza, na safari hii anachukua mengi, kwa sababu kaburi limekwisha zungukwa. Anataka kupanda mstari kutoka mlangoni kwa Mbuke hadi kwa Edson.

“Bibi yake amezeeka, na mimi niko mbali,” anasema, akilikaza fundo. “Siku Sesilia atakapokwenda peke yake, atafuata njano tu. Hatahitaji kuuliza mtu.”