Fundi na Jambo Lililobaki

Kabla ya kusomea utabibu alikuwa akishona viatu, na chuoni wakaendelea kumwita Fundi. Jina lilimkaa. Kidonda alichokishona yeye, wauguzi waliitana kuja kukitazama.

Chuo chao hakikuwa na habari na miaka uliyokalia dawati. Unafanya jambo kwa mgonjwa wa kweli, mwalimu akikutazama. Ukiliweza unasonga mbele, usipoliweza unarudia hata uote mvi. Fundi alikuwa ameshaota. Wenzake walishaajiriwa zamani, yeye alibakiza jambo moja tu, tena la aibu kulitaja nyumbani: kujua pa kuishia na kumwita daktari. Kila alipojaribiwa alivaa glavu akamaliza kazi mwenyewe. Tangu enzi za viatu hakuwahi kumrudishia mtu mali yake akisema imemshinda, na hakuona kwa nini aanzie kwa watu. Mwalimu akamwambia wazi: ukikosea tena, funga virago.

Nyumbani nako bomba la jikoni lilivuja. Alikuwa akilitengeneza tangu kitinda mimba wao hajaanza shule. Mkewe aliweka ndoo chini yake, akanyamaza, ule ukimya ambao mwanamume mwenye akili angeuogopa.

Siku ya mtihani aliletwa seremala aliyejikata kidole kwa patasi. Kidonda kilikuwa kidogo, kisafi, cha kupendeza. Fundi alikiosha, akashika sindano na uzi. Mwalimu alisimama nyuma yake.

"Hebu kunja kidole," Fundi alimwambia seremala, kwa mazoea tu.

Kidole hakikukunjika. Ndani, kano inayokivuta ilikuwa imekatika. Ngozi angeweza kuifunga hata kovu lisionekane, na seremala angeondoka akishukuru, kidole kikabaki kijiti maisha yake yote.

"Mbona umesimama, daktari?" seremala aliuliza.

Fundi aliumia, tena aliumia kweli, kuliko hata mwenye kidole. Akaweka sindano chini.

"Hiki kimenishinda, kaka. Ngoja nimwite daktari."

"Umeweza," alisema mwalimu, akaenda zake kunywa chai.

Jioni Fundi alimkuta mkewe akimwaga maji ya ndoo.

"Mama watoto, kesho tumwite fundi bomba."

Mkewe aliitua ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga, akamgusa mumewe paji la uso kuona kama ana homa.