Sahani Iliyorudi Tupu

Watu wa mtaani kwetu Kaloleni wakiutaja ule mwaka wa kipindupindu, hukumbuka maji ya kuchemsha na harufu ya dawa vyooni. Mimi namkumbuka mwanamke mmoja. Nimeambiwa nisamehe na shehe, nimeambiwa na marehemu mume wangu, na dada zangu wa Mombasa wameniandikia barua kwa zamu. Wote nimewasikiliza, na waliofika kwangu nimewapa chai.

Alikuwa jirani yangu. Mlango wake ulitazamana na wangu, kati yetu uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Sisi tulikuwa watu wa pwani, tulioletwa Nairobi na kazi ya reli ya mume wangu. Wao walikuwa wa bara, na mumewe alifanya kazi kanjo, yaani Baraza la Mji. Mimi na yeye tulifika Kaloleni tukiwa maharusi bado, tukazaa kwa kupokezana. Binti yake wa kwanza alizaliwa mikononi mwangu, mvua ikinyesha na gari la hospitali halionekani. Nilimkata mtoto kitovu, nikamwosha mama yake, nikampikia uji wa pilipili manga siku saba. Nayasema haya kwa sababu watu hudhani adui hutoka mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilimvaa miaka mingi.

Baina yetu palikuwa na mambo ya sahani. Nikipika kitu cha maana, sahani moja huvuka uwanja ikiwa imefunikwa kawa. Hairudi siku hiyo. Hungoja mpaka naye apike, na ikirudi haiji tupu: ina githeri ya mahindi na maharagwe, au ndizi mbili, na mwisho wa mwezi, pesa zikiwa zimekwisha, ina chumvi ya kubana kwa vidole vitatu. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni tusi. Hakuna aliyetufundisha. Mimi jambo hili nililikuta nyumbani kwa mama yangu ufukoni, yeye kwa mama yake milimani, tukakutana nalo Kaloleni.

Ugonjwa ukaja. Redio ilitutisha kila jioni, na askari wa kanjo wakawa wanamwaga miwa na maembe yaliyokatwa ya wachuuzi barabarani. Watu waliacha kupeana mikono. Kwa mtu wa Nairobi hilo lilikuwa gumu kuliko kuacha nyama, maana mkono ndio salamu yenyewe. Ungekuta wanaume wazima wamesimama wanaangaliana mikono mifukoni kama wezi.

Nilikuwa na watoto wanne, na mume wangu alikuwa kwenye treni ya Kisumu, siku nne huko, siku mbili nyumbani. Kwa hiyo vita ile niliipigana peke yangu. Nilichemsha maji juu ya jiko la makaa mpaka kuta zikatoka jasho. Watoto walilalamika kwamba yananuka moshi, nikawaambia moshi haujaua mtu. Nyanya nilizisugua kwa sabuni. Nilimchapa kifungua mimba wangu kwa kunywa maji kwa viganja nje, nikamchapa tena kwa kukana. Shule zilipofungwa niliwafungia ndani, wakagombana, wakajifunza kusukuma mahamri, wakagombana tena. Wa tatu alikuwa akipanda juu ya kiti na kutuambia tunawe mikono kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nasi tukicheka mpaka machozi. Kulikuwa na raha pia, sitadanganya. Sijawahi kuwa na watoto wangu karibu kiasi kile, kabla wala baada.

Maji yakapungua. Mfereji wetu wa uani, bomba lililotumiwa na nyumba kumi na mbili, ukafungwa kufuli ili ufunguliwe alfajiri na alasiri tu. Ufunguo akapewa jirani yangu, kwa kuwa mumewe ni mtu wa kanjo. Aliutia uzi, akauvaa shingoni kama hirizi. Siku za mwanzo tulimtania, tukamwita Waziri wa Maji, naye akicheka. Kisha akaacha kucheka.

Kitinda mimba wangu, msichana wa miaka minne, aliamka asubuhi moja akiharisha maji meupe kama maji ya mchele. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yamezama, na nikimfinya ngozi inabaki imesimama. Nilimfunga leso mgongoni nikakimbia naye mpaka barabara kubwa. Hospitali walimtia maji ya mshipa siku sita. Siku mbili za kwanza sikujua kama nitarudi Kaloleni na mtoto au na maiti.

Nikiwa huko, watu wa afya walikuja nyumbani. Walipulizia dawa kila mahali, wakabeba godoro letu na kulichoma uwanjani karibu na ukumbi wa Kaloleni, mtaa mzima ukitazama. Na mtaa mzima ukataka kujua ugonjwa umeingiaje. Jirani yangu ndiye aliyewapa jibu. Alisema mume wangu ameuleta na samaki wakavu wa ziwani. Samaki hao mume wangu alikuwa ameleta kweli, wiki tatu kabla, na nusu yao nilikuwa nimempelekea yeye kwenye sahani, akala na wanawe, akasifu, akaniuliza nazi nilitia ngapi.

Nilirudi na mtoto amebaki mifupa na macho. Muuguzi alikuwa ameniambia nimnyweshe maji safi, mengi, kila saa. Alasiri nikaenda mferejini na ndoo yangu.

"Wewe ngoja huko nyuma," jirani yangu akasema. "Watu wote wateke kwanza."

"Mtoto ana kiu, shoga."

"Hata hawa wako na watoto. Na hiyo ndoo isiguse mfereji. Weka chini, nitakumwagia."

Niliiweka chini. Wanawake wenzangu kumi walisimama pale, wengine nimewazika mama zao, na kila mmoja akaanza kuchunguza ndoo yake. Nao pia nawakumbuka. Ilipofika zamu yangu alinimwagia kwa debe lake kutoka juu, mbali, maji nusu yakaenda mchangani. Ikawa hivyo kila siku. Siku moja mfereji ulikauka kabla hajanifikia, akafunga kufuli, akaniambia nijaribu kesho. Nilitembea hadi mtaa wa Makongeni na debe kichwani, nikapewa maji na mwanamke nisiyemjua hata kwa sura. Njiani kurudi nililia kwa hasira, na nilikuwa nachunga machozi yasinifanye niyumbe, maana kila tone lilikuwa la mtoto.

Mtoto akapona. Alipoanza kukimbia tena, nilipika pilau ya sadaka, nikaipakua kwenye sahani kumi na moja, moja kwa kila nyumba ya uani. Nilimtuma yeye mwenyewe kuzipeleka, moja moja, kwa mikono miwili kama nilivyowafundisha wote. Majirani walipokea. Mmoja alipokea dirishani, lakini alipokea.

Ya mwisho ilikuwa ya jirani yangu, katika sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, iliyobanduka rangi mahali pamoja. Nilisimama mlangoni kwangu nikiangalia. Aliichukua kwa ncha za vidole, akafunua kawa, akatembea mpaka mtaroni akaimwaga pilau yote. Kisha akampa mtoto sahani.

"Rudishia mama yako. Mwambie hapa kwangu kolera haitaingia."

Mwanangu akavuka uwanja akiwa bado ameishika kwa mikono miwili, tupu, kana kwamba kuna kitu kitamwagika. Alipofika akaniuliza, "Mama, mimi ni mchafu?"

Nilimwosha, nikampaka mafuta, nikamvisha gauni la Idi siku isiyo ya Idi. Ile sahani niliisugua kwa majivu, nikaifunga kwa gazeti, nikaiweka juu ya kabati. Nikaapa kwamba itavuka uwanja tena siku moja, kama ilivyorudi.

Ugonjwa ulipita. Kufuli likatolewa, na wiki hiyo hiyo jirani yangu akaja kuniomba chumvi, kama vile hakukuwa na lolote. Neno samahani halikutoka. Nilimpa chumvi. Nilimpa chumvi miaka kumi, na viberiti, na vitunguu, na salamu kila asubuhi kabla hajaniwahi. Sahani tu ndiyo haikuvuka tena, na yeye hakuuliza kwa nini. Mume wangu alidhani yamekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa, wazee walisema, na mume wangu aliusikia msemo huo mara nyingi bila kujua umelala naye kitanda kimoja.

Binti yake wa kwanza, yule niliyemkata kitovu, akapata mchumba. Mahari ikaisha, harusi ikapangwa katika ukumbi wa Kaloleni. Kwa kuwa wageni walikuwa mchanganyiko, ng'ombe alipaswa kuchinjwa na Mwislamu na chakula kipikwe na Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Ndivyo ilivyokuwa mitaa yetu. Na katika safu zetu za nyumba mpishi wa shughuli alikuwa mmoja tu, mimi, mwenye masufuria ya kutosha.

Akaja kwangu, akakaa kwenye kiti changu, akaniita kwa jina la kifungua mimba wangu kama zamani. "Wewe ndiye mkono wetu," akasema. "Usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Mtoto ni wangu pia," nikamjibu. Nilisema kweli.

Nilipika pilau ambayo sijapata kuipika tena. Sikutia chumvi ya kuzidi wala sikuunguza ukoko, maana bibi harusi hakunikosea kitu, na kisasi changu hakikuhusu mdomo wa mgeni yeyote. Wapakuaji niliwaeleza kwamba mama wa bibi harusi atahudumiwa na mimi mwenyewe, wasimguse.

Nilimwita kitinda mimba wangu. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mzuri, buibui lake jipya. Nikampa sahani iliyofunikwa kawa. "Mpelekee mama wa bibi harusi," nikamwambia. "Kwa mikono miwili."

Nilimfuata hatua tatu nyuma. Jirani yangu alikuwa meza ya mbele katikati ya wakwe zake, amejifunga kitambaa kipya kichwani, anang'aa. Alipomwona binti yangu anakuja na kawa alitabasamu, na mama wa bwana harusi akainama aone heshima gani hii. Akafunua. Sahani nyeupe, ukingo wa buluu, mahali pamoja pamebanduka. Safi, kavu, tupu.

"Nairudisha kama ulivyonirudishia," nikamwambia taratibu.

Mkono wake ulikwenda shingoni, pale ufunguo ulipokuwa ukining'inia zamani. Mkwe wake akamuuliza, "Ni desturi yenu?" Angesema nini? Angeomba chakula, angelazimika kueleza. Basi akakaa mbele ya sahani tupu, watu mia mbili wakila na kumsifu mpishi, na mimi nikavuta kiti nikakaa nikimtazama, nikala yangu mpaka mwisho. Nilishiba, na ile shibe ninayo hadi leo. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kukionja.

Jioni tulirudi nyumbani, mimi na binti yangu, tumebeba sufuria moja kwa masikio yake mawili. Tulipofika mlangoni akaiweka chini.

"Ulijua haina kitu."

"Nilijua. Ndiyo ile ile aliyomwaga."

"Naikumbuka, Mama." Akatazama mikono yake. "Na ile siku ya kwanza? Ulijua ataimwaga?"

Nilifungua kinywa nimwambie hapana. Lakini nilikuwa nimesimama mlango ule ule niliosimama siku ile, na nikaona kwamba nilisimama kwa sababu nilitaka kuona. Kifungua mimba wangu alikuwepo, mwenye miguu na nguvu, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Mwanamke aliyeninyima maji wiki nzima nilijua vizuri atafanya nini na pilau yangu. Bado nilimchagua mtoto aliyetoka kaburini, nikitaka aibu imshukie yule mwanamke mbele ya majirani, na nilipompa sahani nilimwambia atembee polepole.

"Sijui," nikamwambia.

Akaingia ndani.

Jirani yangu alihama mwaka uliofuata, na simsamehe, si kwa shehe wala kwa mtu. Binti yangu ana nyumba yake sasa na watoto watatu. Huja kunitazama kila mwezi, hupika, hupakua. Kukiwa na chakula cha kumpelekea jirani, mjukuu wangu mdogo hunyoosha mikono yote miwili akitaka kutumwa. Mama yake humwambia akae, hufunika sahani, na huinuka kuipeleka mwenyewe.