Ng'ombe Mwenye Mabawa wa Kanisa la Nkoma

Jumamosi ya kwanza ya Julai. Asubuhi baridi, kisha upepo wa vumbi. Niliondoka Somanda kwa baiskeli kwa sababu harusi ya binti yangu Mbuke ilikuwa imekwama kwenye ukuta wa kanisa. Mzee Masunga wa Nkoma, baba wa bwana harusi, alituma habari kwamba yule ng'ombe dume tuliyekubaliana kwenye mahari haji tena, amekuwa mtakatifu. Mama Mbuke akasema bila dume binti haendi.

Njiani malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yakigombea pamba. Soko huria limetuletea mengi, hata rangi za kila aina. Sikujua kama zimefika kanisani.

Saa saba, Nkoma. Ukutani nje wamechorwa viumbe wanne wenye mabawa: mtu, simba, ng'ombe na tai. Simba ni wa kijani. Mimi niliishia darasa la nne, huenda simba wa mbinguni wako hivyo. Ila ng'ombe, tuseme haki, ni mzuri: madoa meusi mabegani, pembe ya kushoto imeinama. Fundi aliyewachora alikwenda kutazama mfano zizini kwa Masunga, na Nkoma nzima ilimtambua dume siku hiyohiyo.

"Mwadila, mkwe," Masunga alinisalimu kwa Kisukuma. "Umemwona? Watu wanamvulia kofia. Nitamtoaje mahari kiumbe mwenye mabawa?"

"Wa zizini naye ana mabawa?"

"Bado."

Nikaona bora twende kwa katekista.

"Hao ni alama za waandishi wa Injili," alisema. "Ng'ombe ni wa Luka. Maana yake sadaka."

"Sadaka vipi?" Masunga akauliza.

"Ya kuchinjwa, mzee."

"Anachinjwa wa ukutani au wa zizini?"

"Wa ukutani hana nyama."

Sijui kama katekista alitania. Uso wake haukucheka. Masunga alinishika mkono: "Mkwe, kamba unayo? Wa mahari hachinjwi."

Jumapili alfajiri nilimswaga dume kuelekea nyumbani, baiskeli nikiikokota. Nilichojifunza ni kwamba alama takatifu ina maana nyingi, na Masunga alichagua mahari, inayomwacha ng'ombe hai. Huenda ningefanya vilevile.

Jioni, Somanda, Mbuke alipika ugali na mlenda. Tulikula, dume akicheua dirishani, na hakuna aliyethubutu kuulizia nyama.