Ada ya Kufunguliwa Mlango

Wiki iliyopita nlikuwa harusini Jang'ombe, nami ndiye nlieshika mlango wa chumba cha bibi harusi. Ada yetu mnaijua, bwana harusi hapiti mpaka atoe kitu. Bwana harusi, karani wa watu, kaja na joho lake, kanyoosha bahasha. Mara bibi harusi kaita kwa ndani, "Bibi, usipokee! Aniulize Kiingereza kwanza!"

Mtoto ana mtihani wa ualimu Jumatatu, na shangazi yake kamfichia kitabu tangu siku ya hina. "Bibi harusi hasomi!" kamwambia.

Karani kacheka, kavua viatu, kakaa chini pale pale mlangoni. "Haya. Go!"

"Wenti, goni!"

"Write!"

"Roti, ritini!"

"Hilo jina au kitendo?"

"Kitendo!"

Sisi hatujui hata moja, lakini kila akijibu tunapiga vigelegele. Yule shangazi mwenyewe kashika sinia anapiga mdundo. Mara moja mtoto kakosea. "Rudia, mwenzangu," karani kamwambia taratibu, mtoto karudia, kapatia.

Nkamwuliza karani, "Na fungate je? Jumatatu utamwachia atoke?"

"Ntampeleka mwenyewe kwa baskeli, Bibi."

Hapo nkafungua, bahasha sikuigusa.

Jumatatu asubuhi wakapita, karani anakanyaga baskeli, mke nyuma kajifunika buibui, hina miguuni bado nyekundu. Shangazi kasimama barazani anawapungia, "Wenti! Goni!"

Majibu ya mtihani hayajatoka. Mie ada yangu nshapokea.