Kofia Iliyoshonwa Mdomo

Saa nne asubuhi, Mama Bitana anavuta meza hadi dirishani, anavaa subana kwenye kidole cha kati na kupuliza vumbi kwenye mkasi. Mbele yake kuna kofia ya pama, ya felti ya kijivu ya sufu iliyoshindiliwa, iliyoshonwa mdomo.

Pale kichwa kinapoingilia pamewambwa kitambaa cha marekani, kimekazwa kama ngozi ya ngoma na kushonwa kuzunguka ukingo wote. Mshono ni wa uzi mweusi, wenye fundo kila baada ya mapigo matano. Ni mkono wake mwenyewe, kazi ya mwaka jana.

"Kata basi, wifi," anasema mwanamke aliyeketi kitandani na mkoba mapajani. "Unaogopa itakuuma?"

"Ungekaa kimya ningekata. Niliposhona kofia mdomo, nilikosea wa kushona."

Wanacheka wote wawili, kicheko kifupi. Kisha mkasi unarudi mezani bila kukata kitu.

Mama Bitana, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni fundi wa matumbo ya kofia. Nje ya kofia hahusiki. Hutengeneza bitana, yaani kitambaa laini cha ndani, na ukanda wa jasho unaozunguka paji la uso. Kazi hiyo huifanyia nyumbani, katika chumba kimoja chenye kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa na vichwa sita vya mti ambavyo juu yake hukalisha kofia za watu. Mwezi mzuri humletea kofia kumi na tano. Mwezi mbaya humletea nne, na hapo hushona mapazia.

"Nje ya kofia ni ya watu," analiambia gazeti hili. "Ndani ni ya mwenyewe. Nikiona bitana tu, naweza kukuambia mtu analala upande gani, anapaka mafuta gani kichwani, ana hasira au hana. Mwenye hasira hutoboa mbele, kwa kuivua kwa nguvu."

Kofia iliyo mezani ni ya kaka yake, fundi wa mabomba, mume wa huyo wifi aliyeketi kitandani. Miaka tisa iliyopita, asubuhi ya mvua, aliondoka kwenda kazini akaiacha kofia msumarini. Hakufika kazini. Hakurudi. Hapakupatikana mwili, kiatu wala mtu aliyemwona.

Wifi aliihifadhi kofia pale pale msumarini, nyuma ya mlango. Nondo walipoila bitana, aliileta kwa Mama Bitana akashonewa nyingine ya satini nyeupe. Mwaka uliofuata aliileta ipigwe brashi. Satini ilikuwa na alama ya jasho.

Mama Bitana si mtu wa kukurupuka. Aliipeleka kwa mzee aliyemfundisha kazi, ambaye alimweleza kwamba chumvi ya jasho la zamani hujificha ndani ya felti, na unyevu ukija hupanda kwenye kitambaa kipya. Maelezo hayo yana mantiki, naye aliyakubali. Akaifua felti, akabadilisha ukanda, akashona bitana mpya.

Mwaka uliofuata alama ilikuwapo tena. Safari hii palikuwa pia na tundu.

"Kaka yangu alizaliwa na kinundu nyuma ya sikio la kushoto," anasema. "Kofia zake zote, tangu ujana, zilianza kutoboka hapo. Chumvi hupanda, sawa. Lakini chumvi haina kinundu."

Alimshuku wifi yake kwamba anaivaa akiwa peke yake. Wifi alikana, akaivaa mbele yake: ikamfunika hadi puani. Hakuna mwingine anayeishi katika nyumba ile.

Ndipo Mama Bitana alipoweka bitana nyingine na kuishona kofia mdomo. Walipatana jambo moja. Mwashi mmoja aliyefiwa na mke ameshamposa wifi mara mbili, na wifi anampenda. Mshono ukifunguliwa na bitana ikakutwa nzima, msiba utafungwa, mwashi atajibiwa. Ikikutwa imechakaa, wifi ataendelea kusubiri.

Leo ndiyo siku. Mama Bitana anapitisha kidole kwenye mafundo yote, polepole, akirudi pale alipoanzia. Hakuna lililofumuliwa. Hakuna tundu jipya la sindano. Anampa wifi naye akague, kisha anampa mwandishi. Mshono ni mzima.

Anakata.

Kitambaa cha marekani kinalegea na kuanguka mezani. Mama Bitana anaielekeza kofia dirishani, anatazama ndani. Angeweza kusema lolote. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona.

"Imechakaa," anasema.

Kuzunguka ukanda, satini imegeuka rangi ya chai. Upande wa kushoto, nyuma, nyuzi zimelika hadi felti inaonekana, tundu la ukubwa wa ukucha. Chumbani hakuna harufu ya uvundo wala ukungu. Kuna harufu ya mafuta ya nazi.

"Ndiyo mafuta yake," anasema wifi. Anakaa akiitazama ile kofia, halafu anacheka hadi machozi yanamtoka. "Mwanamume huyu! Hata kupotea kapotea, bado ananiletea nguo chafu."

"Wifi, tulipatana."

"Tulipatana, najua. Mimi nimesubiri, dada. Nimechoka. Kama anakuja kuvaa kofia na hawezi kunibishia hodi, basi huyo ni mume wa kofia, si wangu. Naolewa." Anafunga mkoba, anasimama. "Hii ibaki kwako. Mke huachika. Udada hauna talaka."

Mama Bitana hambishii. Anamsindikiza hadi mlangoni, anamtengenezea kanga begani, anamwambia amsalimie mwashi. Kisha anarudi mezani na kufumua satini iliyochakaa.

Bitana mpya anaikata ndogo kuliko ile ya zamani. Nyuma ya ukanda anaingiza pamba, tabaka mbili, anaishikiza kwa mshono wa bandi, anapima kwa kiganja, anaongeza ya tatu. Mwandishi anapouliza sababu, anajibu bila kuinua macho.

"Sasa yuko zaidi ya sitini. Mtu akizeeka nywele hupungua, kofia humpwaya."

Mwaka huu hataishona mdomo. Anasema alichotaka kujua ameshakijua, na kilichobaki si kazi ya ushahidi. Mpango wake ni kuitundika humu chumbani, karibu na mlango, na kuwa na satini ya akiba kila msimu.

Anachukua nyundo na msumari, ananyoosha mkono hadi urefu ambao kaka yake alizoea kuufikia. Anasita hapo. Halafu anaushusha msumari kiasi cha shubiri moja, kwa mtu ambaye mgongo umeanza kuinama, na kuupigilia.